Shajara: kompyuta ya mama inayoganda, 6 Septemba mpaka 12 Oktoba

Jumamosi 6 Septemba 2025

Leo nimeamua kuanza kuandika kila ninachofanya maana nimechoka kukisia. Mashine yenyewe ni desktopu ya mnara, used ya Dubai, prosesa Core i5-3470, ramu 8GB yaani vijiti viwili vya 4, diski ya kuhifadhia (hadi diski) ya 500GB ya kuzunguka, Windows 10, kadi ya grafiki haina, inatumia ile iliyomo ndani ya prosesa. Ipo sebuleni kwa mama huku Mbagala. Tatizo lake inaganda. Unakuwa unaandika zako tu, skrini inasimama kama picha, mausi haisogei, unasubiri weee, mwisho unashikilia batani ya pawa mpaka izime. Ilianza mwezi wa saba mara mojamoja, sasa hivi karibu kila siku.

Na mashine hii inabeba kazi ya watu. Mama ni mweka hazina wa kikoba chao, wanachama 28, na hisa, mikopo, marejesho, mfuko wa jamii, vyote viko kwenye faili moja la Excel ambalo anajaza mwenyewe, alijifunza mwenyewe taratibu na analijua vizuri kuliko mimi. Wiki iliyopita iliganda akiwa anaingiza marejesho, alipowasha akakuta majina sita hayana kitu, ikabidi ampigie simu kila mmoja kumuuliza mwenzangu jana ulileta shilingi ngapi. Hilo limemuuma sana. Kwenye kikoba mweka hazina akianza kuuliza uliza watu wanaanza kuhesabu upya vichwani mwao, hata kama hawasemi.

Kwahiyo kabla sijashika bisibisi, bakapu kwanza. Nimekopi folda lake lote kwenye flashi, alafu kopi ya pili Google Drive, alafu nikaingia kwenye Excel nikabadilisha ule muda wa kujisevu yenyewe, ilikuwa kila dakika 10 nimeweka kila dakika 1. Iligandia katikati ya kukopi mara moja, ila baada ya kama nusu dakika ikarudi yenyewe ikaendelea. Sikulitilia maanani hilo leo, nimeliandika tu.

Jumapili 7 Septemba

Nimeifungua. Vumbi lilikuwa limejaa kwenye hitisinki, kile chuma cha kupoozea prosesa, mpaka zile nafasi za chuma huzioni, limekuwa kama kitambaa. Nimeipeleka kibarazani nikapuliza na bloa, feni nimeishikilia kwa kidole isizunguke wakati napuliza maana ikizungushwa na upepo kwa kasi inaweza kuharibika. Pesti ya prosesa, ile ya kupitisha joto kwenda kwenye hitisinki, ilishakauka imekuwa unga, nimefuta kwa spiriti nikapaka mpya kidogo kama punje ya mchele.

Kabla ya kusafisha HWMonitor, programu ya kusoma joto, ilikuwa inaonyesha nyuzi 94 prosesa ikifanya kazi nzito. Baada ya kusafisha 66. Nikasema hapa ndo penyewe.

Saa mbili na robo usiku ikaganda. Joto lilikuwa 48 tu, nilikuwa nimeiacha HWMonitor wazi kwa hiyo namba ilibaki palepale kwenye skrini iliyoganda, nimeipiga picha na simu. Joto lilikuwa tatizo kweli na lilihitaji kushughulikiwa ila silo linaloigandisha.

Jumatatu 8 Septemba

Nimeuliza watu watatu. Wote jibu moja: piga Windows mpya. Mmoja akaongeza ina virusi hiyo. Sikatai kwamba inawezekana, ila nimeona watu wengi mashine zao zinapigwa Windows, siku mbili tatu inakaa vizuri, tatizo linarudi, na sasa hivi huna tena hata kumbukumbu za ndani za kukusaidia kujua lilianzaje. Nimescan na ile Defender yenyewe ya Windows, ile ya kuscan kabla Windows haijawaka, haikukuta kitu. Windows nitapiga nikishajiridhisha kuwa vyuma ni vizima.

Jumanne 9 Septemba

Leo nimekaa na Event Viewer. Kwa asiyeijua, ni daftari la Windows, inaandika kila kinachotokea ndani. Unaenda Windows Logs alafu System, unachuja nyekundu na njano.

Nyekundu nyingi ni Kernel-Power 41. Watu wengi wakiiona hii wanasema tayari, pawa saplai imekufa. Hapana, 41 inamaanisha tu Windows imewaka ikagundua kwamba mara ya mwisho haikuzimwa kwa utaratibu. Ukishikilia batani ya pawa unaipata, umeme ukikatika unaipata. Haikwambii kwanini. Pembeni yake kuna 6008 nayo inasema hivyohivyo ila yenyewe inakupa na saa ambayo mashine ilionekana hai mara ya mwisho, hiyo nimeona ya maana nikaziandika zote pembeni.

Kilichonishtua ni njano. Kuna 129 na 153 nyingi, hizo zinatoka kwenye upande wa diski. 129 ni Windows imeituma diski kitu, imesubiri, haijajibiwa, ikaamua kuirisiti, yaani kuianzisha upya. 153 ni imerudia kusoma au kuandika kwa sababu mara ya kwanza haikufanikiwa. Zimetawanyika mchana, usiku, asubuhi.

Ila saa za 129 na saa za 6008 haziendani. Nimezipanga pembeni mara mbili, haziendani kabisa.

Alhamisi 11 Septemba

Nimepata kitu. Kumbe inaganda kwa namna mbili tofauti na sisi tulikuwa tunaita zote kuganda.

Namna ya kwanza: mausi inasogea, au inasogea kwa kujivuta, ukibonyeza kitu hakifunguki, taa ya hadi diski pale mbele inawaka moja kwa moja bila kupepesa. Ukiwa na subira, nusu dakika mpaka dakika moja, inarudi na kila ulichobonyeza kinafunguka kwa pamoja.

Namna ya pili: kila kitu kimesimama. Mausi imekufa. Taa ya hadi diski imezima. Kama kuna sauti ilikuwa inacheza inang'ang'ania pale pale trrrrrr. Kipimo kizuri cha hii ni kubonyeza Caps Lock na kuangalia kataa kake kwenye kibodi, kama kanawaka na kuzima basi mfumo bado upo hai unahangaika na kitu, kama hakabadiliki basi hata ukisubiri mpaka kesho hairudi.

Kwahiyo kuanzia leo naziita ganda-rudi na ganda-zima, na kila moja naitafuta peke yake. Nimeanza na ganda-rudi kwa sababu zile 129 zinanielekeza kwenye diski.

Nimeweka CrystalDiskInfo kusoma afya ya diski. Iliandika Good kwa bluu, na mtu mwingine angeishia hapo. Mimi nikashuka chini kusoma namba zenyewe. Kwa diski kuna chache za kuangalia: 05 ni sehemu mbovu zilizohamishwa, C5 ni sehemu zinazotiliwa shaka, C6 ni zilizoshindikana kabisa. Zote sifuri. Kwa diski ya umri huu nilifurahi. Ila C7 imeandikwa 1A4. C7 inahesabu makosa ya data ikiwa njiani kati ya diski na madabodi, yaani sio diski yenyewe, ni njia. Na jihadhari, programu hii inaandika zile namba kwa heksa, yaani hesabu ya kumi na sita badala ya kumi, kwahiyo 1A4 sio mia na kitu, ni 420. Unaweza kuibadilisha isome kwa kawaida kwenye Function, Advanced Feature, Raw Values.

Namba hii haishuki hata ukitengeneza, inabaki kama kovu. Cha kuangalia ni kama bado inapanda. Nikakopi mafaili ya 20GB kutoka folda moja kwenda jingine, ikaganda-rudi mara mbili, nikaangalia tena: 437.

Inapanda.

Jumamosi 13 Septemba

Kariakoo asubuhi. Kebo ya sata, ile inayounganisha diski na madabodi, shilingi 3,000, nimechagua yenye kile kibati cha kushikia ili isichomoke. Ya zamani nilipoitoa nikaona imekunjwa kona kali sana nyuma ya hadi diski ili mfuniko ufunge, na pale kwenye kichwa inacheza. Nimeweka mpya, nimeipitisha kwa mzunguko bila kuikunja, na nimeihamishia kwenye tundu jingine la sata... hapana, hili la mwisho nililifanya alafu nikalirudisha. Nikibadilisha kebo na tundu kwa pamoja na ikapona sitojua ni kipi. Kebo tu.

Nimekopi 20GB zilezile. Haijaganda. Nimerudia mara tatu. C7 ipo 437.

Jumatano 17 Septemba

Siku nne nzima hakuna ganda-rudi hata moja, 129 hazionekani tena, mashine hata kuwaka imekuwa nyepesi. Mama akaniambia sasa hii imepona.

Leo saa mbili kasoro usiku ikaganda-zima. Caps Lock haibadiliki, taa ya diski imezima. Mama alikuwa ameshajaza karibu ukurasa mzima ila ile sevu ya kila dakika imemwokoa, amepoteza jina moja tu.

Nilijisikia vibaya kwa sababu nilishamwambia aitumie bila wasiwasi. Ila kwenye karatasi yangu hili ni sahihi kabisa, ugonjwa mmoja umepona na wa pili ndo huu umebaki peke yake, na sasa hivi unaonekana vizuri kwa kuwa mwingine hauuchanganyi.

Ijumaa 19 Septemba

Ramu. Nimevitoa vijiti vyote viwili, nimesugua yale meno ya dhahabu kwa raba ya penseli safi, nimefuta kwa spiriti, nimerudisha. Alafu nimeweka Memtest86+ kwenye flashi, hii inawaka bila Windows, inaandika na kusoma ramu yote kwa mitindo tofauti. Nimeiwasha jana saa tano usiku mama alipolala, leo asubuhi saa kumi na mbili nimekuta imemaliza raundi nne, makosa sifuri.

Sifuri ya ramu ni habari njema ila inaniacha sina pa kushika.

Jumamosi 20 Septemba

Nimewasha Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, kutoka kwenye flashi bila kuiinstoli. Faida yake ni hii: kama tatizo ni Windows au draiva zake, kwenye Linux lisitokee, kama ni vyuma litatokea popote. Kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri nimeichosha, video mbili zinacheza, naikopisha mafaili, prosesa nimeibana. Masaa sita. Haikuganda hata sekunde.

Hapo nikaanza kuelekea kwa wale watu watatu, kwamba basi ni Windows. Nimeshapakua na faili la Windows kabisa kwenye flashi nyingine. Nimepanga kesho kupiga.

Jumapili 21 Septemba

Sijapiga Windows. Naandika hii saa tano usiku na naandika kwa urefu kwa sababu leo ndo siku yenyewe.

Asubuhi baada ya chai nimemwambia mama leo naifuta mashine yote, tuhakikishe kila kitu kipo kwenye flashi. Akaniuliza, kwani umeshajua inaumwa nini? Nikamwambia bado, ila nimepima kila kitu. Akaenda chumbani akarudi na lile daftari lake la kaunta la kikoba, akageuza nyuma, ukurasa wa mwisho, akanipa. Mama tangu tarehe 9 Agosti alikuwa anaandika kila mashine inapoganda. Tarehe, saa, na maneno mawili. Sehemu nyingine kaandika "imerudi", sehemu nyingine kaandika "nimezima".

Yaani yeye alishazitenganisha zile namna mbili mwezi mzima kabla yangu. Nilimwambia mama kwanini hukunionyesha, akasema hukuniuliza baba, nimeona unahangaika na vyuma nikajua unajua. Alikuwa anaandika kwa sababu alidhani siku moja atahitaji kuwaonyesha wanachama kwanini hesabu zilichelewa.

Nimekaa chini na daftari. Mistari 19. "Imerudi" ziko 8, saa zozote zile, asubuhi, mchana, usiku. Hiyo ni kebo, imeshakwisha. "Nimezima" ziko 11. Kumi kati ya hizo ziko kati ya saa moja na saa nne usiku. Nikachukua zile 6008 zangu nikalinganisha, mama anaandika saa mbili kasoro dakika kumi, Windows inaandika 19:50, mama saa tatu na nusu, Windows 21:29. Zinakubaliana mpaka dakika.

Alafu nikaangalia vipimo vyangu. Memtest niliiwasha saa tano usiku. Linux niliiendesha saa tatu asubuhi mpaka saa tisa. Nilipima mashine masaa yote ambayo haiumwi.

Ile moja ya kumi na moja ndo ikanimalizia. Jumapili tarehe 24 Agosti, saa tano asubuhi, "nimezima". Nikamuuliza mama hii vipi, mbona mchana. Akafikiri kidogo akasema siku ile fundi wa mageti hapo nyuma alikuwa anachomelea, taa zilikuwa zinafifia.

Umeme. Saa moja mpaka saa nne usiku kila nyumba imewasha taa, feni, friji, pasi, televisheni, na huku kwetu nyakati hizo taa zinakuwa hafifu, tumeshazoea mpaka hatuoni tena.

Leo saa mbili usiku nimewasha Linux ileile, video zilezile mbili, kazi ileile. Dakika ya 35 ikaganda-zima. Kwahiyo Windows haihusiki kabisa, na ile flashi ya kupigia nimeiweka kando.

Jumatatu 22 Septemba

Nimeazima mita. Naomba mtu anayesoma hii aelewe kupima soketi ya ukutani kunahitaji uangalifu, waya za mita ziwe nzima, vidole mbali na ncha, na kama hujawahi mwache fundi apime.

Saa sita mchana: 226V. Saa moja na nusu usiku: 191V. Saa mbili na dakika ishirini: 183V. Saa nne na nusu: 214V. Umeme wetu unatakiwa kuwa 230V. Nimefungua ubavu wa mashine nikasoma kibandiko cha pawa saplai, imeandikwa inapokea 200 mpaka 240V. Yaani kila usiku tunailisha chini ya kile inachosema yenyewe inaweza kula.

Alafu upande wa pili, kinachotoka. Nimechukua ule mdomo wa ziada wenye pini nne, waya mweusi ni hasi, wa njano 12V, mwekundu 5V. Kinachoruhusiwa ni kupungua au kuzidi asilimia 5, kwahiyo kwenye 12 isishuke chini ya 11.4, kwenye 5 isishuke chini ya 4.75. Mchana: 12.02 na 5.06. Saa mbili usiku mashine ikiwa inafanya kazi nzito: 11.31 na 4.88, na ile 11.31 haitulii, inachezacheza. Na mita ya kawaida ni nzito wa kuona, inakupa wastani tu, kwahiyo kama mita inaonyesha 11.31 kuna vipindi vifupi inashuka zaidi ya hapo. Prosesa na ramu haziwezi kuvumilia hilo, umeme ukiyumba hata kwa kitambo kidogo sana hesabu inakosewa na mashine inasimama palepale, haipati hata nafasi ya kuandika kwenye Event Viewer imekumbwa na nini. Ndo maana ganda-zima zote hazikuwa na maelezo.

Jumatano 24 Septemba

Swali la leo: ni umeme wa nyumbani tu ndo mdogo, au na pawa saplai yenyewe imechoka? Kwa sababu televisheni na redio za mama zinakula umeme huohuo na hazizimi.

Nimemulika tochi kwenye matundu ya pawa saplai. Kuna kapasita mbili upande wa kutokea, vichwa vyake vimevimba, moja ina ukungu wa kahawia juu. Kapasita nzima kichwa chake ni bapa kabisa. Sijaifungua na sishauri, ile kapasita kubwa ya ndani inahifadhi zaidi ya volti 300 na inaweza kukaa nazo hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

Hata hivyo kuvimba ni dalili tu, nataka nione kwa vitendo. Nimeazima stabilaiza ya friji ya mama mdogo. Nimeacha pawa saplai ileile, nimeongeza stabilaiza tu. Saa mbili usiku ukutani 185V, inayotoka kwenye stabilaiza 219V. Haijaganda leo.

Jumamosi 27 Septemba

Siku tatu na stabilaiza, mama ameitumia kila usiku bila tatizo. Leo nikaibana kwa Prime95, hii inaifanyisha prosesa hesabu nzito mfululizo, na wakati huohuo nakopi mafaili. Stabilaiza inatoa 220V safi. Dakika ya 52, ganda-zima.

Jibu limepatikana. Stabilaiza inasaidia sana ila pawa saplai imechoka yenyewe, ukiilisha vizuri inavumilia kazi ndogo, ukiibebesha inaanguka. Mtu angeweza kununua stabilaiza akakaa nayo miezi, siku moja hata hiyo isitoshe.

Jumatatu 29 Septemba

Pawa saplai nyingine. Nilikuwa na wasiwasi maana hizi desktopu za maofisini nyingi zina plagi zake maalum ambazo za kawaida hazichomeki, unajikuta umenunua kitu hakiingii. Nimehesabu pini kabla ya kutoka nyumbani: kubwa 24, ya prosesa 4, za kawaida, na matundu ya skrubu nyuma yapo sawasawa na ya kawaida. Nimebeba ya zamani mkononi mpaka dukani kulinganisha. Nimechukua mpya ya watt 300, shilingi 65,000, na kitu nilichosisitiza ni kibandiko kiandikwe 100 mpaka 240V. Zilikuwepo za bei chini zenye kile kiswichi chekundu cha 115 na 230, nikaziacha, zile hazibebi umeme wa katikati kama huu wetu. Watt zenyewe wala sio nyingi zinazohitajika, prosesa hii kipimo chake ni 77 na hakuna kadi ya grafiki.

Nimefunga. Stabilaiza nimeitoa makusudi, mashine imechomekwa moja kwa moja ukutani. Saa mbili na nusu usiku: ukutani 184V, waya wa njano 11.97, mwekundu 5.03, imetulia haichezi. Prime95 na kukopi mafaili kwa pamoja masaa mawili na nusu.

Haijaganda. Mama amepita mara tatu kuangalia, mara ya mwisho akavuta kiti akakaa.

Jumapili 5 Oktoba

Hakuna cha kuandika, mashine inafanya kazi. Stabilaiza nimeirudisha kwa mama mdogo, friji yake inaihitaji kuliko sisi.

Jana fundi wa mageti alichomelea tangu asubuhi, mita imecheza kati ya 196 na 221 kila anapogusa chuma, mama yuko palepale anajaza hisa.

Jumapili 12 Oktoba

Nafunga shajara. Wiki mbili kamili bila ganda-rudi wala ganda-zima. Event Viewer hakuna 41 mpya isipokuwa ya Alhamisi umeme ulipokatika kabisa mtaa mzima, hiyo ni halali. Gharama: kebo 3,000, pesti 5,000, pawa saplai 65,000, jumla 73,000 na nauli.

Vilivyobaki. Umeme mdogo bado upo, nimemshauri mama kuanza kuweka kidogokidogo tununue UPS, ili umeme ukikatika apate dakika za kusevu na kuzima. Keshokutwa tarehe 14 Windows 10 inaacha kupewa apdeti za usalama kwa kawaida na prosesa hii ya kizazi cha tatu haikubaliki rasmi kwenye Windows 11, kwahiyo nitakaa na mama tuone kama Linux Mint na LibreOffice vinalifungua faili lake bila kuharibu fomula, nitaanza na kopi na sio faili lenyewe. Hilo ni la shajara nyingine.

Nimepiga picha ule ukurasa wa nyuma wa daftari nikauhifadhi pamoja na vipimo vyangu. Leo asubuhi nimefungua CrystalDiskInfo mara ya mwisho. C7 ni 437.